Nyimbo za Radio: Nani Alizishika Zisipotee?

Watu wengi wanadhani ya kuwa wimbo uliokwisha kupigwa katika radio umewekwa mahali fulani, ndani ya kabati kubwa, na siku yoyote mtu akiutaka anaweza kwenda kuuomba. Sivyo. Sauti ya radio hupita kama upepo. Wimbo ukiimbwa mbele ya mikrofoni, na hakuna mashini iliyounasa, umekwisha saa ile ile. Hata wimbo ulionaswa juu ya utepe haukuwa salama. Utepe ulikuwa kitu cha bei, na vituo vingi vya radio duniani, hata vile vya Ulaya vyenye fedha, vilikuwa na desturi ya kuufuta utepe wa jana ili kunasa habari za leo. Ndiyo maana nyimbo nyingi walizozisikia baba zetu jioni, baada ya kazi ya mgodi, hazimo tena popote, ila katika vichwa vya wazee. Na wazee wanatuacha mmoja mmoja.

Basi tunataka kueleza jinsi nyimbo za Katanga zilivyoshikwa na watu wachache wakati wa radio, na kwa nini nyingine zimetufikia na jina lake, na nyingine zimetufikia bila jina, kama mtoto aliyeokotwa njiani. Hatuandiki kwa ajili ya wataalamu. Tunaandika kwa sababu katika nyumba nyingi za Wakristu wetu, juu ya kabati au chini ya kitanda, ziko kaseti za zamani ambazo wenyewe wanaziona kuwa takataka.

Tuanze na radio yenyewe. Katika Kongo, mapadri Wayezuiti walikuwa kati ya watu wa kwanza kuishughulikia: mwaka 1937, katika Kolegi Albert ya Léopoldville, walianzisha Radio Léo. Wakati wa vita kuu ya pili, Ubelgiji ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, serikali ya Wabelgiji iliyokimbilia London iliweka Léopoldville mtambo mkubwa wa kurushia sauti, wenye nguvu ya kilowati 50. Ulianza kazi mwaka 1943. Lakini mtambo huo ulisema hasa na Wabelgiji wa mbali. Mtu wa Kongo aliyekaa karibu nao hakuwa na sehemu kubwa humo. Mwaka 1949 ndipo Radio Congo Belge ilipopata masaa yaliyotengwa kwa Waafrika, na watangazaji Waafrika, na lugha za nchi. Asiye na radio nyumbani aliweza kusimama chini ya kipaza sauti cha mtaa, akasikiliza pamoja na wengine.

Sisi wa kusini tulikuwa na jirani mwingine. Mwaka huo huo wa 1949, ng'ambo ya mpaka, katika Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, Mwingereza mmoja jina lake Harry Franklin alipata kiwanda cha kutengeneza radio ndogo ya betri kwa bei ya pauni 5. Mfano wa kwanza wa radio hiyo uliwekwa ndani ya sufuria ya aluminiamu, na kwa sababu hiyo watu waliiita radio ya sufuria. Kituo cha Lusaka kilisema Kibemba na lugha nyingine za huko. Na Kibemba, kama kila mtu wa Lubumbashi anavyojua, hakikomei mpakani. Mstari wa mpaka umechorwa kwenye karatasi, masikio hayauoni.

Katika kituo kile cha Lusaka alikuwamo mtu anayestahili kutajwa hapa, Alick Nkhata. Alikuwa mwalimu, kisha mtangazaji, mwimbaji na mpiga gitari. Hakungoja nyimbo zije kwake. Alizifuata vijijini, akazinasa, akajifunza, akaziimba tena pamoja na wenzake katika radio. Aliuawa mwaka 1978, wakati wa vita vya Rhodesia, lakini sauti yake tunayo. Nyimbo zake zilizobaki zilitolewa tena katika sahani miaka mingi baadaye, kwa sababu kituo kilikuwa hakikufuta kila kitu.

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1952 Mwingereza Hugh Tracey, aliyekaa Afrika ya Kusini, alipita katika Kongo na gari lake lenye mashini za kunasa sauti. Fedha za kazi yake zilitoka kwa sehemu kubwa katika makampuni ya migodi. Tracey alipenda zaidi ngoma za asili. Gitari za mjini hazikumfurahisha sana. Lakini alikuwa na masikio. Huko Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, alikutana na kijana wa miaka kama 22 mwenye gitari. Kijana huyo alikuwa Jean-Bosco Mwenda. Asili yake ni Bunkeya, mji wa Mwami Msiri, na kabila lake ni Wayeke, ambao babu zao walitoka Unyamwezi, katika nchi ya Tanzania ya leo. Jina lake la ubatizo linatukumbusha mtakatifu wa Wasalesiani, mapadri waliofika Élisabethville mwaka 1911.

Mwenda alipiga, Tracey akanasa. Kati ya nyimbo zile ulikuwamo ule unaoitwa Masanga. Gitari ni moja tu, lakini msikilizaji anadhani kuna watu wawili: kidole gumba kinashika sauti za chini, kidole cha shahada kinakimbia juu. Sahani za santuri zikachapwa, zikauzwa, zikapigwa katika radio za nchi nyingi. Vijana wa Kenya na wa Uganda wakajifunza kupiga namna ile bila kumwona mpigaji. Baadaye Mwenda mwenyewe alikaa Nairobi kwa muda, akapiga huko katika radio. Mwaka 1961 na 1962 mwalimu wa London, David Rycroft, aliandika katika jarida la wataalamu nota zote za gitari lile, kamba kwa kamba, kwa kusikiliza sahani. Mwaka 1969 Mwenda alialikwa Marekani, kwenye tamasha la Newport. Alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari.

Watu husema: Mwenda alijulikana kwa sababu alikuwa na kipaji. Ni kweli. Lakini Katanga ya wakati ule ilikuwa na wapiga gitari wengi wenye kipaji. Kambi za Union Minière zilikuwa zimekusanya watu wa kila upande: Waluba, Wabemba, Wasanga, watu wa Kasai, watu wa Rwanda, Kiswahili kikawa lugha yao ya pamoja, na gitari likaimba katika Kiswahili hicho. Waliokuwa wanapiga kila Jumamosi jioni hawahesabiki. Tofauti ni kwamba Tracey, baada ya kunasa, alichukua kadi akaandika: jina la mwimbaji, lugha, mahali, chombo, namna ya wimbo. Kila wimbo na kadi yake. Kwa sababu ya kadi hizo tunawajua pia Ilunga Patrice na Misomba Victor, wapiga gitari wengine wa Katanga walionaswa na Tracey. Majina yao hayakusikika mbali kama la Mwenda, lakini leo mjukuu wao akiuliza, atajibiwa.

Mwaka 1954 Tracey alianzisha nyumba ya kuhifadhi nyimbo hizo karibu na Johannesburg. Alitoa sahani kubwa 210 katika mfululizo mmoja, pamoja na kitabu cha orodha. Alikufa mwaka 1977. Mwaka uliofuata mkusanyo wake wote ulihamishiwa Chuo Kikuu cha Rhodes, katika mji uliokuwa unaitwa Grahamstown na sasa unaitwa Makhanda. Uko huko mpaka leo. Jambo moja linatuuma: mtoto wa Likasi anayetaka kusikia sauti ya babu yake ya mwaka 1952 inampasa kuitafuta Afrika ya Kusini.

Wakristu wanaijua vizuri zaidi habari ya Kamina. Mwaka 1953 alifika huko padri Mfransiskani, Guido Haazen, kuongoza shule. Alikusanya kwaya ya wavulana kama 45, wenye miaka 9 hadi 14, na walimu wapata 15, ikaitwa Troubadours du Roi Baudouin. Maneno ya Misa yalikuwa ya Kilatini, lakini sauti zilitoka kwa Waluba wenyewe: Sanctus, kwa mfano, ilifuata namna ya wimbo wa kuagana. Tarehe 23 Machi 1958 Misa hiyo iliimbwa katika misioni ya Kamina. Mwaka ule ule kwaya ilikwenda Ulaya, ikaimba katika maonyesho makubwa ya Bruxelles, na Misa ikanaswa juu ya sahani. Ndiyo Missa Luba. Radio za dunia zikaipiga, na mwaka 1968 Sanctus yake ikasikika hata katika sinema ya Waingereza.

Angalieni jambo hili. Misa ile haikuandikwa kwanza katika nota. Waimbaji walikuwa wakiipamba wenyewe walipokuwa wakiimba. Nota zilizochapishwa baadaye, ambazo kwaya za Ulaya na Marekani zinazitumia, ni kivuli cha sahani. Kama mashini isingalikuwapo, Misa ya Kamina ingaliishia Kamina. Na majina je? Jina la padri linajulikana kila mahali. La mwimbaji mkuu, mwalimu Joachim Ngoi, nalo limetajwa. Lakini watoto wale hutajwa kwa hesabu tu: arobaini na watano. Padri Haazen hakuficha ya kuwa kazi ilikuwa ya wote. Walakini sahani ina nafasi ndogo, na dunia hupenda kukumbuka jina moja.

Baadaye majina yenyewe yakaanza kuhama. Msomaji kijana huenda hajui jinsi jambo hili lilivyovuruga kumbukumbu zetu. Toka Julai 1960 mpaka Januari 1963 Katanga ilijitenga, ikawa na radio yake na wimbo wake wa taifa, uliotungwa na Joseph Kiwele, fundi wa muziki aliyefundishwa na wamisionari, akawa waziri wa elimu, akafa mwaka 1961. Mwaka 1966 Élisabethville ikawa Lubumbashi, Jadotville ikawa Likasi, Léopoldville ikawa Kinshasa. Mwaka 1971 nchi ikawa Zaire. Mwaka 1972 serikali ikakataza majina ya ubatizo, na Jean-Bosco Mwenda akawa Mwenda wa Bayeke. Mwaka 1973 magazeti ya dini yakafungwa, nayo ndiyo yaliyokuwa yakiandika mara nyingi habari za kwaya za parokia. Mwaka 1997 nchi ikarudia jina la Kongo. Tazama sasa: mtu mmoja, aliyeimba katika mji mmoja, anaweza kuonekana katika makaratasi kama watu wawili wa miji miwili ya nchi mbili. Anayekusanya nyimbo bila kujua historia atawazika mara mbili, au atamsahau mmoja wao.

Wakati huo huo kilifika kitu kidogo kilichobadili mambo yote. Mwaka 1963, katika maonyesho ya Berlin, kampuni ya Philips ilionyesha kaseti. Mpaka hapo kunasa sauti kulikuwa kazi ya kituo cha radio, ya mtaalamu, au ya padri aliyeletewa mashini kutoka kwao. Mashini za kaseti zilipoenea, na hasa ile yenye radio na kaseti pamoja, kila baba wa nyumba mwenye betri aliweza kuwa mtunza sauti. Radio ikipiga wimbo anaoupenda, anabonyeza. Dakika 60, dakika 90. Betri zikidhoofika, utepe unavutwa kwa kalamu ya risasi.

Watu hao hawakujua ya kuwa wanajenga hifadhi. Walitaka tu kusikia wimbo tena Jumapili mchana. Lakini kwa kufanya hivyo walishika yale ambayo sahani hazikuyashika: bendi ya mtaa iliyoalikwa studioni mara moja tu, kwaya ya parokia siku ya Pasaka, mchezo wa kuchekesha, tangazo la kilio, salamu za mtu wa Kolwezi kwa shangazi yake wa Kalemie.

Kwa Kanisa jambo hili lina uzito wake. Tarehe 4 Desemba 1963 Mtaguso wa pili wa Vatikano ulitoa hati ya Liturjia, ambayo namba yake ya 119 inasema wazi ya kuwa muziki wa mataifa ya misioni upewe heshima yake. Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire ilikubaliwa Roma mwaka 1988. Kati ya miaka hiyo miwili kuna miaka 25 ambamo makatekista, walimu na wakubwa wa kwaya walitunga, wakajaribu, wakaacha, wakatunga tena. Vitabu vingi vya nyimbo vya wakati ule vilichapa maneno bila nota. Maneno tunayo, sauti yake iko wapi? Kwa nyimbo fulani ushahidi wa pekee ni kaseti ya mtu aliyenasa Misa ya Jumapili kutoka radioni, huku jogoo analia uani. Jogoo huyo asitusumbue. Tumwache aimbe.

Sisi tumeanza kukusanya kaseti hizo, na tumejifunza mambo ambayo tungependa wengine wayajue kabla ya kuanza.

Kubwa kuliko yote ni mtangazaji. Karibu kila mtu aliyenasa wimbo zamani alingoja mtangazaji anyamaze, ndipo akabonyeza. Na mtangazaji alipoanza tena kusema, akasimamisha mashini. Alitaka wimbo safi. Kumbe maneno ya mtangazaji ndiyo cheti cha ubatizo cha wimbo ule! Humo ndimo lilimokuwa jina la mwimbaji, la kwaya, la parokia, na mara nyingine tarehe. Kwa hiyo anayenakili kaseti leo asikate kitu. Anakili upande wote tangu mwanzo hadi mwisho, pamoja na kelele, na nusu ya habari, na tangazo la sabuni. Tangazo la sabuni linaweza kukuonyesha mwaka.

La pili ni kuandika. Kaseti yenye maandiko «Nyimbo nzuri» haisemi neno. Ituandikie nani alinasa, katika nyumba gani, kutoka kituo gani, lugha gani. Lakini andika pia umejuaje. «Imeandikwa juu ya kaseti» si sawa na «mzee amesema», na «mzee amesema» si sawa na «tunadhani». Wazee wawili waulizwe kila mmoja peke yake. Wakikaa pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayeshinda, na mwenzake ataitikia kwa adabu tu.

Mambo ya mashini ni machache. Kabla ya kupiga kaseti ya zamani, vunja vile vijino viwili vya plastiki vilivyo mgongoni, ili mtoto asije akanasa juu yake. Utepe ukiwa na ukungu mweupe, usiuweke katika mashini, mpe fundi. Kaseti zisimame kama vitabu, mbali na jua, na unyevu, na vipaza sauti vyenye sumaku. Ukinakili katika kompyuta, chagua namna isiyobana sauti, inayoitwa WAV. Ile ya MP3 ni nzuri kwa kutumiana katika simu, lakini imekwisha kutupa sehemu ya sauti, wala hairudi tena. Nakala ziwe mbili au zaidi, katika nyumba mbalimbali. Kaseti yenyewe usiitupe hata ikiisha kunakiliwa, kwa maana kesho inaweza kutokea mashini itakayoisoma vizuri zaidi.

Kuna wanaotuuliza kama ni halali kuwapa watu wote nyimbo hizi. Tunajibu kwa uangalifu. Kunakili ili kitu kisife, na kukiuza, si jambo moja. Mtunzi ana haki yake, na jamaa zake baada yake. Wakati wa santuri watunzi wengi wa Afrika walilipwa kidogo mara moja, na wengine wakapata hasara kubwa. Tusianze tena dhambi ile kwa njia ya simu. Tukilijua jina, tunakwenda kwanza nyumbani kwa wenyewe. Hapo ndipo tunapopokelewa vizuri kuliko popote. Tumemwona mama mmoja akisikia sauti ya mumewe aliyefariki, akatuomba tupige tena, kisha akatutajia bila kusita majina ya wote waliokuwa wakiitikia nyuma yake, sauti kwa sauti. Tuliandika karatasi nzima. Ilikuwa habari ambayo hakuna kituo cha radio kingaliweza kutupa.

Kati ya kaseti tulizo nazo sasa iko moja ya rangi ya kijivu, isiyo na maandiko. Ndani yake kuna Misa iliyonaswa kutoka radioni, kwa Kiswahili, na kwaya ya wanaume na wanawake, na ngoma mbili. Nasadiki imekamilika. Sauti ya mwanamke anayeanza Utukufu ni ya ajabu. Mwisho wa Misa mtangazaji anasema: «Mmesikia kwaya ya parokia ya Ka…», na hapo mwenye kaseti alibonyeza. Kamina, Kasenga, Kabalo, Kabongo, Kalemie, Kaniama, Kapolowe: tumekwisha kuipiga mbele ya wazee wa parokia mbili kati ya hizo, wakasema si ya kwao. Mwezi ujao tunaipeleka Kasenga.